Kamera inapozikataa picha zilizomo ndani ya kadi: dalili, vyanzo na tiba ya matatizo ya majina ya faili na folda

Kamera ya dijitali haitafuti picha kwa kufungua kila kilichomo ndani ya kadi na kukitazama. Inasoma majina. Ikikuta jina lenye umbo inalolijua, inaifungua faili na kuionesha kwenye skrini. Ikikuta jina la umbo jingine, inaipita faili hiyo kana kwamba haipo, hata kama picha yenyewe ni nzima na kompyuta inaifungua bila shida. Ndiyo maana kadi nyingi zinazotupwa kwa madai kwamba zimeharibika hazina kasoro yoyote; kilichoharibika ni utaratibu wa majina, na mara nyingi aliyeuharibu ni mtu aliyeichomeka kadi kwenye kompyuta akafanya jambo dogo aliloona halina madhara.

Umbo hilo la majina linatokana na kanuni iitwayo DCF, iliyotolewa mwaka 1998 na JEIDA, chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani ambacho baadaye kiliungana na kingine na kuwa JEITA. Kwa kanuni hiyo, picha zote hukaa ndani ya folda iitwayo DCIM, nayo DCIM lazima iwe mwanzo kabisa wa kadi, si ndani ya folda nyingine. Ndani ya DCIM kuna folda zenye majina ya herufi nane: tarakimu tatu, kuanzia 100 hadi 999, zikifuatwa na herufi tano, kama vile 100CANON, 100MSDCF ya Sony au 100_FUJI. Jina la faili nalo lina herufi nane kabla ya nukta: herufi nne, kisha tarakimu nne kuanzia 0001 hadi 9999, kama IMG_0457.JPG ya Canon, DSC_0457.JPG ya Nikon au DSCF0457.JPG ya Fujifilm. Nafasi tupu haziruhusiwi, na folda mbili haziruhusiwi kuwa na nambari moja hata kama herufi zinazofuata zinatofautiana. Faili mbili zenye jina moja na viendelezi tofauti, kwa mfano DSC_0457.JPG na DSC_0457.NEF (faili ghafi ya Nikon), huhesabiwa kuwa picha moja iliyohifadhiwa kwa namna mbili.

Kabla ya kujaribu tiba yoyote kati ya zifuatazo, acha kupiga picha kwa kadi hiyo, sukuma kitelezi cha pembeni kwenye upande wa kufunga ikiwa ni kadi ya SD ya ukubwa wa kawaida, kisha nakili kila kilichomo kwenye kompyuta, zikiwemo faili zilizofichwa. Kunakili pekee hakutoshi. Linganisha idadi ya faili za pande zote mbili na ufungue chache za mwanzo, za katikati na za mwisho, kwa sababu hatua nyingi za tiba huishia kwenye kufomati kadi, na hapo anayejuta huwa amechelewa.

Kamera inakataa kupiga kwa madai kwamba haiwezi kuunda folda, ilhali kadi ina nafasi tele

Tatizo hili ndilo linalotisha kuliko yote, kwa kuwa hujitokeza ukumbini wakati maharusi wanaingia na kitufe cha kupigia picha hakikubali kabisa. Kamera za Sony hutoa ujumbe kwamba haziwezi kuunda folda zaidi, za Canon hueleza kwamba nambari za folda zimejaa, na za Nikon huzuia kitufe chenyewe. Mwenye kamera hutazama nafasi iliyobaki, akaona gigabaiti kadhaa, akaamua kwamba kamera imekufa.

Chanzo chake ni hesabu. Folda zinaanzia 100 na kuishia 999, na faili ndani ya folda huishia 9999. Kamera ikifika kwenye folda ya 999 na faili ya 9999, haina nambari nyingine ya kutoa, na kwa kuwa kanuni haiiruhusu kuandika jina la umbo jingine, inasimama. Kwa nambari hizo zote mtu angepiga takribani picha milioni 9 kabla ya kufika mwisho, jambo ambalo hakuna kamera ya mitaani itakayolifikia kwa kazi halali. Kwa hiyo, kila unapokutana na ujumbe huo, uliza kwanza ni nani aliyeiruhusu hesabu iruke.

Mara nyingi jibu limo ndani ya DCIM yenyewe. Tuseme msaidizi alitaka kutenga picha za harusi na za mazoezi, akafungua kadi kwenye kompyuta na kuunda folda mbili. Ya kwanza aliipa jina 101HARUSI. Jina hilo lina herufi tisa, kwa hiyo kamera inaipuuza folda hiyo na haidhuriki na chochote. Ya pili, kwa kuwa alitaka ikae mwisho kabisa wa orodha, aliiita 999HARUS. Hilo lina herufi nane, tarakimu tatu za mwanzo zimo kati ya 100 na 999, na zilizobaki ni herufi zinazokubalika. Kamera inaiona kuwa folda halali kabisa na, kwa kuwa ndiyo yenye nambari kubwa kuliko zote, inakosa pa kwenda baada yake. Tofauti kati ya folda isiyo na madhara na folda iliyoifunga kamera ni herufi moja tu.

Kisha tatizo huhama. Kamera nyingi zikiwa kwenye mpangilio wa nambari mfululizo hulinganisha nambari ya mwisho zinayoikumbuka na nambari kubwa iliyomo ndani ya kadi, zikachukua iliyo kubwa na kuendelea nayo. Mtu akiazima kadi yenye faili ya 9998 kutoka kwa mwenzake, akaitia kwenye kamera yake iliyokuwa imefika 2310, kamera yake itaruka hadi 9999, na baadhi ya kamera hubeba pia nambari ya folda. Akiirudisha kadi kwa mwenyewe, nambari iliyoruka inabaki ndani ya kumbukumbu ya kamera na kuandikwa kwenye kadi inayofuata. Hii ndiyo sababu kufomati kadi peke yake hakumalizi tatizo, na ndiyo sababu watu hununua kadi mpya na kukuta ujumbe uleule.

Tiba inategemea kufuata mpangilio wa hatua. Baada ya kunakili picha, ingia kwenye menyu ya kamera, tafuta sehemu ya nambari za faili, na uchague kuanza upya. Kwenye Nikon chaguo hilo liko pamoja na la kuwasha na kuzima mfululizo, na kwenye Canon liko pamoja na la mfululizo na la kuanza upya kila kadi inapobadilishwa. Baada ya hapo fomati kadi hiyo ndani ya kamera yenyewe, au tia kadi nyingine isiyo na kitu. Ikiwa kamera inakataa kuanza upya kwa kuwa kadi iliyomo bado ina folda ya 999, anza kwa kuitoa, utie kadi tupu, kisha urudi kwenye menyu. Piga picha moja ya majaribio na utazame jina lake: ukiona folda imerudi kwenye 100 au karibu na hapo, na faili imekuwa 0001, unaweza kurudisha mpangilio wa mfululizo. Mwenye kazi ya kulipwa ukumbini asipoteze muda kwa haya yote; abadilishe kadi, aanze upya nambari, aendelee na kazi, na uchunguzi usubiri kesho.

Kamera nyingine hufungua folda mpya mapema kuliko mtu anavyotarajia. Kamera nyingi za Nikon za miaka ya karibuni hufanya hivyo folda inapofikisha picha 5000, au faili inapofikia 9999. Huo si ugonjwa. Aliyeshtuka kwamba "nusu ya picha zimepotea" kwa kawaida ametazama folda ya 100 na hakufungua ya 101.

Picha zinaonekana kwenye kompyuta, lakini kamera inasema hakuna picha

Hapa tazama majina kabla ya kitu kingine chochote. Faili iliyobadilishwa jina kuwa "Bi harusi akiingia.JPG" haiko tena katika umbo linalosomwa. Vivyo hivyo faili iliyotolewa ndani ya folda yake na kuwekwa mwanzo wa kadi, au folda nzima ya 100CANON iliyoburutwa kwa bahati mbaya ikaingia ndani ya folda nyingine. Kosa la kuburuta hutokea sana kwa wanaotumia kipanya cha kompyuta ya mkononi, na halitoi ujumbe wowote wa onyo. Rudisha folda mahali pake, rudisha majina ya herufi nne na tarakimu nne, na hakikisha kwamba hakuna folda mbili zenye nambari moja. 101CANON na 101SENDO haziwezi kukaa pamoja kwa mujibu wa kanuni, ingawa kompyuta haioni ubaya wowote.

Ikiwa jina ni sahihi na mahali ni sahihi, lakini kamera inaonesha alama ya kuuliza au ujumbe kwamba faili haina data ya picha, basi picha hiyo huenda ilihaririwa kwenye kompyuta au simu na kurudishwa kwenye kadi. Programu ya kuhariri huandika faili upya na huweza kuacha nje taarifa na kijipicha kidogo ambavyo kamera hutegemea. Hakuna haja ya kuhangaika na hili. Kadi si mahali pa kuhifadhi picha zilizokwisha kuhaririwa. Ziache kwenye kompyuta, na kama mteja anataka kuzitazama, tumia runinga au simu.

Katika hali hiyohiyo huingia suala la kutenganisha jozi. Mtu akibadilisha jina la DSC_0457.JPG na kuiacha DSC_0457.NEF, kamera haitajua tena kwamba hizo ni picha moja, na akifuta moja kwenye kamera, ile nyingine itabaki. Programu za kupanga picha nazo zitazionesha kama picha mbili. Ukilazimika kubadilisha majina, badilisha ya jozi nzima kwa pamoja, na ufanye hivyo kwenye kompyuta baada ya kunakili.

Nambari zinajirudia, na picha mpya zinafunika za zamani wakati wa kunakili

Baada ya faili ya 9999 kamera hurudi kwenye 0001. Iliyowekwa kuanza upya hurudi 0001 kila kadi inapofomatiwa au kubadilishwa. Kwa vyovyote vile, siku moja utakuwa na IMG_0001.JPG mbili zisizohusiana, na ukizinakili kwenye folda moja Windows itakuuliza ama ufunike ya zamani, ama uiruke, ama uziweke zote. Mtu mwenye haraka hubonyeza la kwanza, na picha za ubatizo wa mwezi uliopita zinatoweka bila kelele. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotumia kamera mbili za kampuni moja kwenye shughuli moja, kwa kuwa zote hutoa majina ya mtindo mmoja.

Nashauri nambari ziachwe kwenye mfululizo daima, isipokuwa unapotibu tatizo la folda ya 999. Pili, kila kadi inakiliwe kwenye folda yake, yenye tarehe iliyoandikwa kwa kuanza na mwaka, kwa mfano 2024-06-15_kadi-A, ili orodha ijipange yenyewe. Kamera nyingi pia huruhusu kubadilisha herufi za mwanzo wa jina kupitia menyu. Ukiweka herufi tofauti kwa kila kamera, mgongano wa majina unaisha. Hapo ni halali kabisa kubadilisha jina, kwa kuwa kamera yenyewe ndiyo inayoandika na haitavunja kanuni yake.

Majina yamebadilika yenyewe

Ikiwa IMG_0457 imekuwa _MG_0457, au DSC_0457 imekuwa _DSC0457, hakuna kilichoharibika. Kamera imewekwa kwenye nafasi ya rangi ya Adobe RGB, na kistari cha chini mwanzoni mwa jina ndicho kinachoashiria hivyo. Kama hukukusudia, irudishe kwenye sRGB, kwa kuwa picha za Adobe RGB huonekana zimefifia kwenye simu nyingi na kwenye mashine nyingi za kusafishia picha.

Kwenye kamera za Olympus jina hubeba mwezi na siku: P6150032 ni picha ya tarehe 15 Juni. Ukiona faili zako zote zinaanza na P101, yaani tarehe 1 Januari, wakati wewe ulipiga katikati ya mwaka, saa ya kamera imerudi mwanzo, jambo ambalo kwa kawaida hufuata betri kukaa nje kwa muda mrefu. Usichanganye hilo na kamera za Panasonic, ambazo nazo huanza na P lakini tarakimu tatu zinazofuata ni nambari ya folda. Kwao P1010032 ni picha ya 32 ya folda ya 101, na saa haina kosa.

Folda zimegeuka kuwa njia za mkato

Kadi iliyopelekwa steshenari kwa ajili ya kusafisha picha inaweza kurudi na kitu kinachoitwa DCIM chenye mshale mdogo kwenye ikoni yake na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Hiyo si folda. Ni njia ya mkato iliyoandikwa na virusi, ambavyo vimeificha folda halisi na vinasubiri ubofye ili vihamie kwenye kompyuta yako. Usiibofye. Picha kwa kawaida zipo. Ukitazama nafasi iliyotumika kwenye kadi utaona kwamba haijapungua.

Tumia kompyuta yenye kinga dhidi ya virusi iliyosasishwa, ichunguze kadi, kisha fungua dirisha la amri la Windows na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha herufi E kwa ile ambayo kompyuta imeipa kadi yako. Amri hiyo huondoa alama za kufichwa, na folda halisi hujitokeza. Wakati mwingine hujitokeza folda isiyo na jina lolote na DCIM imo ndani yake. Hapo nakili picha zote kwanza. Baada ya kunakili, fomati kadi ndani ya kamera. Mwenye steshenari naye aambiwe, kwa kuwa kompyuta yake itaendelea kuziambukiza kadi za wateja wengine hadi isafishwe.

Majina yana alama zisizoeleweka, au kumetokea folda ya FOUND.000

Faili zenye majina ya alama za ajabu, ukubwa usiowezekana na tarehe za mbali zinaonesha kwamba jedwali la kadi, linaloeleza kila faili iko wapi, limevurugika. Kadi kuchomolewa taa ya kuandikia ikiwa inawaka, betri kuzimika katikati ya kazi, na kadi bandia ndivyo vyanzo vya kawaida. Kadi bandia huidanganya kamera kuhusu ujazo wake: majina yanaendelea kuonekana yote, lakini picha zilizopigwa baada ya ujazo halisi kwisha hazifunguki. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, hujaza kadi tupu na kuisoma tena ili kubaini ujazo wa kweli. Kadi iliyoshindwa jaribio hilo haina dawa.

Windows ikijitolea kuirekebisha kadi, kataa mpaka umeokoa picha, kwa sababu urekebishaji huandika juu ya kadi. Ukarabati huo ndio unaozaa folda ya FOUND.000 yenye faili kama FILE0000.CHK, baadhi yake ni picha zako, nazo hufunguka ukibadilisha kiendelezi kuwa JPG. Njia iliyo salama zaidi ni programu ya uokoaji kama PhotoRec, ambayo ni ya bure na inaandika picha inazozipata kwenye diski nyingine. Haitarudisha majina ya asili. Kila faili itaitwa f ikifuatwa na nambari ya mahali ilipokutwa. Hata hivyo tarehe na saa ya kupigwa hukaa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo unaweza kuzipanga upya kwa tarehe hizo.

Kadi imejaa ingawa kamera haioneshi kitu

Ukiifuta picha ya kadi kwa kutumia Mac, picha inahamia kwenye folda fiche ya .Trashes iliyo ndani ya kadi hiyohiyo na kuendelea kuchukua nafasi, hadi pipa la taka limwagwe kadi ikiwa bado imechomekwa. Mac pia huacha vifaili vidogo vya majina kama ._IMG_0457.JPG, ambavyo si picha ingawa vina kiendelezi cha picha. Kufomati ndani ya kamera huondoa vyote kwa mara moja, wakati "kufuta zote" hakufanyi hivyo: amri hiyo huacha picha zilizolindwa pamoja na kila faili ambayo kamera haiitambui.

Video hazifuati mpangilio wa picha

Usitafute video za Sony ndani ya DCIM. Za aina ya XAVC S zimo kwenye PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP. Za aina ya AVCHD zimo kwenye PRIVATE, AVCHD, BDMV, kisha STREAM, zikiwa na majina kama 00000.MTS. Pamoja nazo kamera hutunza orodha yake, na ukiondoa video moja kwa kutumia kompyuta orodha hailingani tena na kilichomo, ndipo inapotokea taarifa ya hitilafu ya hifadhidata ya picha. Kamera ikiomba kuirekebisha, kubali, ilimradi umekwisha kunakili na betri ina chaji ya kutosha. Unaponakili AVCHD, chukua folda yote ya PRIVATE badala ya kuokota faili za MTS peke yake.

Kwenye GoPro mpya, rekodi ndefu hukatwa vipande, na nambari ya kipande hutangulia nambari ya rekodi: GX010034 na GX020034 ni vipande viwili vya rekodi moja ya 0034. Ukizipanga kwa jina, vipande vya kwanza vya rekodi zote hutangulia, kisha vinafuata vya pili, na mhariri asiyejua huunganisha hotuba ya baba mzazi na mkia wa ngoma. Zipange kwa tarakimu nne za mwisho, au kwa saa ya kurekodiwa, kabla ya kuziingiza kwenye programu ya kuhariri.